Kisanduku Hakingoji Matanga

Nyumbani kwa marehemu Zakayo,
Upande wa Isecheno,
Kakamega.

Mama Imali,

Mulembe wewe na boma yote. Kifua kimekuacha? Ng'ombe wa doa amezaa ama bado anatuchezea? Na mahindi ya kule chini karibu na mtaro, yamesimama ama upepo umeyalaza? Mimi ni mzima. Goti linaniuma asubuhi, likipata jua linanyamaza, na hata likiuma bado natembea kuliko vijana wa hapa, ambao mtu akitumwa chumvi anaita boda.

Barua hii nimeandika mwenyewe, hakuna mtu ameniandikia. Shule niliacha darasa la tatu, lakini mwandiko wangu unaujua, haulali. Ukimpelekea katekista akusomee, mwambie asome pole pole na asiongeze maneno yake, huyo mtu anapenda kuongeza. Simu nimekataa. Wewe ukiweka simu sikioni unasemanga "eeh, eeh" hata kama hujasikia, halafu kesho unampigia Rodah kuuliza nilisema nini. Na haya maneno si ya kupigia kelele watu wa njiani wakisikia.

Ni maneno ya mtoto wetu Imali. Ulipokuja kumzika kaka uliniuliza, "Baba Imali, mbona huyu mtoto amekonda hivi?" Nikakwambia ni msiba. Haikuwa msiba peke yake. Kipindi chake cha tivii kilikuwa kinapimwa wakati ule, kife ama kiishi, na mimi nilikuwa najua, nikanyamaza kwa sababu maiti ilikuwa bado ndani ya nyumba. Sasa nakwambia yote.

Kile kipindi unakijua, cha Jumapili jioni, anaongea na wazee kwa lugha yetu, wanaeleza majina ya watoto, mbegu za zamani, nyimbo za kumtoa fahali. Mimi mwenyewe nilitokea humo nikaeleza vile fahali anafundishwa kupigana, na mpaka leo nikipita sokoni wananiita Mzee wa Tivii. Wengine waliotokea hawaitwi. Lakini aliyekipenda zaidi ni kaka Zakayo. Nilipokuja kumshika mkono katika ugonjwa wake nilikuta kitanda kimeshageuzwa kuelekea tivii. Jua likizama mwili wake ulikuwa unakataa, analala kabla ya kipindi kuanza. Kwa hivyo alimwagiza mkewe Rodah aiweke ile dikoda waliyoletewa na mtoto wao Wycliffe irekodi yenyewe kila Jumapili. Anatazama Jumatatu, ama Jumanne, siku ile maumivu yanampa nafasi.

Sasa sikia habari ya kisanduku. Wewe ulikiona pale chini ya tivii ukafikiri ni redio. Ni kitu cha kampuni ya kupima watazamaji. Wanachagua nyumba chache chache, na kila nyumba waliyochagua inasimama badala ya nyumba nyingi ambazo hawakuingia. Walichagua ya Zakayo. Kijana wao anaitwa Meshack, mtoto wa adabu, akaja akakifunga na kutuachia rimoti ndogo ya namba. Namba moja Zakayo, namba mbili Rodah, namba tatu mimi, na ya mwisho ni ya wageni. Ukikaa kutazama, unabonyeza. Ukiondoka, unabonyeza tena. Zakayo alikuwa anaibonyeza kama mtu anayepiga kura, ananyoosha kidole kwanza. Meshack aliuliza kama kuna mtu wa nyumba hii anafanya kazi ya tivii. Zakayo akasema hakuna. Hakudanganya, Imali analala kwake mjini.

Kabla kaka hajazidiwa, Imali alikuja siku moja akakaa pale kitandani, akamwambia mkubwa wa kazi amemwita.

"Amesemaje?" Zakayo akauliza.

"Amesema kipindi changu kinatazamwa na kuku, baba mkubwa."

Kaka akacheka mpaka akakohoa. Imali hakucheka. Akaeleza kwamba namba zinakuja mara mbili. Ya kwanza inakuja asubuhi yake, ya watu waliotazama siku ile ile. Ya pili inakuja baadaye, wiki ikiisha, wakiwa wameongeza waliorekodi wakatazama nyuma. Na namba yake ya kwanza ilikuwa ndogo sana. "Jumamosi watu wangu wanazika," alisema. "Jumapili wako njiani wanarudi, ama wako kwa wafiwa. Jioni ya Jumapili hapa kwetu nani ameketi? Wananitazama Jumatatu na Jumanne kama nyinyi." Alimwomba mkubwa wake asihukumu kwa namba ya kwanza, angoje ya pili. Yule mtu akakubali kungoja ya pili kwa wiki chache tu, halafu akate maneno.

Zakayo akamwambia, "Basi usijali. Mimi ni namba ya pili. Niite hivyo kuanzia leo."

Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichosikia kwa kaka yangu. Wiki ile ile akazidiwa.

Mazishi uliyaona, siyarudii. Uliona watu walivyojaa mpaka shamba la jirani likakanyagwa. Uliona nilivyosimama kaburini na mguu huu bila kushikwa na mtu. Ulipoondoka baada ya kunyoa nywele za matanga, kwa sababu ya ng'ombe, mimi nilibaki kama mkubwa, na mkubwa lazima ashike nyumba. Tivii nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa cha Rodah siku ile maiti ilipofika. Nikatangaza haifunguliwi mpaka nguo za marehemu zigawanywe. Wengine siku hizi wakishanyoa tu wanawasha, wanatazama mpira, kaburi halijakauka. Baba yetu alipokufa hata redio ya betri ilifungiwa kwenye gunia, wewe ulikuwa umeolewa tayari, unakumbuka. Mimi nimefuata hivyo na sijutii kufuata.

Lakini nguo hazigawanywi bila mtoto wa kwanza, na Wycliffe alikuwa amerudi Mombasa kwa kazi yake. Ikabidi tungoje apewe ruhusa nyingine.

Rodah akaniuliza siku moja tukichambua maharagwe, "Shemeji, na kipindi cha Imali?"

"Kinarekodiwa ama hakirekodiwi?"

"Kinajirekodi chenyewe vile alivyoniagiza."

"Basi kiko ghalani. Mahindi yakikaa ghalani yanageuka kuwa mtama?"

Akaendelea kuchambua. Na mimi nilikuwa nimefikiri vizuri kabisa. Nilisema nguo zikigawanywa tutaketi wote, tubonyeze wote, tutazame kipindi baada ya kipindi, na Imali atapata namba zake kwa mkupuo mmoja kama mavuno. Ungekuwa hapa ungefikiri hivyo hivyo.

Imali alikuwa anakuja. Anaingia jikoni kwa mama yake mkubwa, anashika kisu, anakata mboga, anapita sebuleni anaona kile kitambaa juu ya tivii, anatoka. Nikamwuliza, "Kazi inaendaje?" Akasema, "Inaenda, baba." Basi. Mtoto uliyemlea vizuri hawezi kusimama kwenye matanga ya baba yake mkubwa aseme fungueni tivii mnihesabu. Nilifikiri amekubaliana na mimi. Alikuwa ananiheshimu tu, na hayo ni mambo mawili.

Halafu Meshack akaja, ilikuwa Ijumaa. Aliona kisanduku kimenyamaza.

"Mzee, kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Kiko matanga."

Akavua kofia. Akaketi, akatoa pole vizuri, akanywa chai. Akasema namba moja ataandika itolewe. Hapo ndipo nikamwuliza kuhusu vile vipindi vilivyokaa, tukivitazama vyote pamoja vitahesabiwa namna gani. Akaweka kikombe chini.

"Vya lini, mzee?"

Nikamwambia tangu kaka azidiwe.

"Hivyo vingi vimepita," akasema. "Kisanduku kinasikiliza sauti ya tivii. Kikisikia kipindi, kinajua kilitoka lini. Ukitazama siku yake, unahesabiwa. Ukitazama ndani ya wiki moja, unaongezwa kwenye namba ya pili. Wiki ikipita, hata mkileta kijiji kizima mketi hapa, ni kama hamkutazama."

"Lakini macho ni yale yale."

"Ni kweli, mzee."

"Na kipindi ni kile kile, hakijaoza."

"Ni kweli."

"Basi nani alisema wiki?"

"Wanaolipia matangazo. Mtu anauza mbegu, mzee. Anataka kujua nani aliona tangazo lake kabla ya kupanda. Ukiliona wakati wa kuvuna, limemsaidia nini?"

Hapo kwa mbegu alinishika, sikatai. Mama Imali, nilihisi kama mtu aliyefunga ghala vizuri, akaweka na kufuli, halafu anafungua anakuta panya walikuwa ndani tayari. Kilichobaki ni kimoja tu, kile cha Jumapili iliyokuwa imepita. Hicho kilikuwa na Jumamosi, na Jumapili, kiishe.

Jumamosi asubuhi nikampigia Wycliffe. "Njoo leo tugawanye nguo."

"Baba mdogo, leo? Mimi niko Mombasa. Nimepewa ruhusa ya wiki ijayo."

"Panda ndege."

"Baba mdogo."

Nikamkatia simu. Nikatembea mpaka kaburini, nikarudi. Mdomo wangu ndio ulisema haifunguliwi, na wazee wote wa hapa walisikia, wengine wakanisifu. Nikisema jambo mimi silirudii nyuma, hata wewe umenitukana kwa hilo miaka yote. Lakini nikakumbuka shingo ya mtoto ile ilivyokonda, akikata mboga.

Baada ya chakula, Rodah akiwa shambani, nikakitoa kile kitambaa kwa mkono wangu. Kulikuwa na wamama wazee watatu ambao walikuwa wanakuja kukaa na mjane. Nikawaambia ingieni sebuleni, ketini. Wakatazamana. Mama Peresi, yule wa meno mawili, akaniuliza, "Lihanda, si wewe ulituzuia hata kuimba kwa nguvu?"

"Keti, mama. Ni kipindi cha mtoto."

Nikabonyeza ya wageni, mara tatu, mmoja mmoja. Nikabonyeza yangu. Halafu kidole changu kikafika namba moja.

Sitakuficha. Meshack alikuwa ameniambia itatolewa, lakini ilikuwa bado haijatolewa. Na mimi niliwaza hivi. Kipindi kile kimo ndani ya dikoda kwa amri ya Zakayo. Yeye ndiye alijiita namba ya pili. Kwetu mtu akichinjiwa kuku halafu akafa kabla ya kula, sehemu yake haitupiwi mbwa. Nikabonyeza. Taa ndogo ikawaka juu ya kisanduku, ya namba moja, na zetu karibu yake.

Kipindi kilikuwa cha bibi mmoja wa Lugari, si mbali na wewe, akieleza vile walihama kutoka huku wakaingia kwenye mashamba ya wazungu na mbegu zimefungwa kwenye pindo la nguo. Imali alikuwa amevaa ile lesu yako ya manjano. Wamama walikuwa wanaitikia kama kanisani.

Rodah akaingia na mboga kwenye nguo. Akasimama mlangoni.

"Shemeji, nani amefungua?"

"Mimi."

"Si wewe ulisema."

"Nilisema. Na ni mimi nimefungua."

Akatazama tivii, halafu akatazama chini, kwenye zile taa. Anazijua kuliko mimi, ndiye alikuwa anamshikia kaka ile rimoti mkono ukikosa nguvu.

"Hiyo namba moja ni nani?"

Mama Peresi akasogea akampa nafasi, akamwambia, "Keti, mwanangu. Kitaisha kabla hujaketi." Rodah akaweka mboga chini pale pale, akaketi, akachukua rimoti akabonyeza namba mbili. Akatazama mpaka mwisho bila kufuta machozi, yanatelemka tu. Kipindi kilipoisha, tukabonyeza kutoka, mimi na wageni. Namba moja ikabaki inawaka. Nikanyoosha mkono, akanizuia. Akaibonyeza mwenyewe.

"Amechoka," akasema. "Acha alale."

Jumanne Meshack akanipigia simu.

"Mzee, namba moja alitazama Jumamosi."

"Ndiyo."

"Mzee, lakini tulishapeleka taarifa kwamba amefariki."

"Najua. Nilimzika."

Akasema ofisi yao imetupa siku ile yote ya nyumba yetu. Nikamwuliza, hata sisi tulio hai? Hata wale wamama waliokuja kwa miguu yao? Akasema hata sisi. Nyumba ikionekana imesema jambo moja ambalo haliwezi kuwa, hawachagui, siku nzima inaenda.

"Si uongo," nikamwambia. "Ungekuwa ndani ya chumba ungejua."

"Pole, mzee," akasema, na nadhani alisema kweli.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kile kimoja kilichobaki, ambacho mimi nilivunja neno langu kwa ajili yake, hakikuhesabiwa. Namba ya pili ikaja ndogo, na yule mkubwa akakata maneno. Kipindi kinakufa.

Imali alikuja mwenyewe kutuambia. Nikamweleza nilichofanya, sikuzunguka. Nikangoja anikasirikie. Aliniangalia tu, kwa yale macho yako.

"Baba, nyumba moja haingeniokoa."

"Umejuaje?"

"Sijui. Hakuna anayejua." Halafu akasema, "Zile wiki, baba, huku kote walizima tivii kwa ajili ya baba mkubwa. Wote waliosimama kaburini ndio watazamaji wangu. Ningefurahi namna gani kama wangewasha?"

Nimekaa na maneno hayo mpaka leo. Mtoto alihesabu watu wake wakiwa wamesimama kwenye mazishi yetu, akawaona ni wengi, na hakuna kisanduku pale. Sikumwomba msamaha, unanijua, na sikufanya ubaya. Nilimwambia akae ale. Rodah alikuwa amesonga obusuma, ule ugali wetu, na mboga za kienyeji, akala vizuri, akaongeza. Mimi nilihesabu hiyo.

Wycliffe akafika, nguo tumegawanya. Mimi nimepewa lile koti zito la kaka, la kijivu, linanikaa kuliko lilivyomkaa yeye, kila mtu amesema. Jioni ile tukafungua tivii kwa haki, tukatazama vile vipindi vyote vilivyopitwa na wiki, tangu kile cha kwanza alichokosa Zakayo. Rimoti ya kisanduku ilikuwa juu ya kabati. Rodah aliiona, mimi niliiona, hakuna aliyeinuka.

Sasa nisikilize vizuri. Jumapili hii inayokuja ndiyo ya mwisho, wamemwachia aage watu. Baada ya hapo Imali anakuja huko nyumbani kukaa. Usimwulize maneno ya kazi siku ya kwanza, wala ya pili. Usimwambie fulani ameolewa. Mpe maziwa, umwache alale mpaka jua liwe juu, mimi nitakuja nyuma yake nikishamwekea Rodah ua lake sawa.

Nisalimie dada yangu mkubwa, mwambie koti la kaka nimepewa mimi ili aache kuuliza. Nisalimie mkwe wetu wa kule darajani, na bibi yake aliyejifungua, mtoto wakimwita Zakayo nitaleta kuku mwenyewe. Nisalimie katekista anayekusomea hii, na umwambie nimesema anasoma vizuri.

Na wewe, Jumapili jioni, vaa vizuri uende kwa Mama Tabitha mwenye tivii. Ukifika mapema kaa ungoje. Wakisema watarekodi mtazame kesho, kataa, waambie Lihanda amekataa. Huko Lugari kwako hakuna kisanduku, hakuna namba yako, na hakuna mtu wa ofisi yoyote atajua kama ulikuwepo. Mtazame mtoto wako anapoongea.

Mimi mume wako,
Lihanda, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba ya baba yetu.